Maneno Matano ya Kifungu cha Kumi na Nne

Nilipofuta neno moja kwenye kifungu cha kumi na nne nikaweka maneno matano mahali pake, nilidhani namlinda baba yangu. Nayaandika hapa asije mtu akasema niliyaficha: "iliyotamkwa naye mbele ya mashahidi". Basi. Nilimaliza chai yangu, nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani.

Rasimu ya kanuni ilitujia kutoka wizarani Amman, mji mkuu, ikiwa na kurasa themanini, zote zikihusu mahali panaporuhusiwa kujengwa vinu vidogo vya nyuklia karibu na viwanda. Mimi ndiye mhandisi wa mipango ya ardhi huku kusini, kwa hiyo nilipewa niisome na kuirekebisha ilingane na watu wetu. Kiwanda cha mbolea kilitaka kinu kimoja cha kukipa umeme na mvuke wa kukaushia fosfati. Mvuke hupoa ukisafirishwa mbali, ndiyo maana walitaka kinu kikae ubavuni mwao kabisa. Na kanuni zilisema kwamba kuzunguka kinu, mita mia sita kila upande, kuwe na duara la kwanza, na ndani ya duara hilo asilale mtu hata mmoja.

Duara hilo lilizimeza kaya nane za Rujm Sulayh, kijiji chetu. Saba zilikwisha kuuza, zikahamia Ma'an na Zarqa, na wengine wakanunua magari makubwa kuliko akili zao. Ya nane ilikuwa ya baba yangu, Mutlak, ambaye watu humwita Abu Nawaf kwa jina la kaka yangu. Nyumba yake ilikuwa mita mia tano na arobaini kutoka pale walipopigilia chuma cha katikati. Nilipima mwenyewe mara tatu, nikiomba kifaa kiwe kimekosea.

Rasimu ya Amman ilisema hakuna mwenye nyumba atakayehamishwa kutoka duara la kwanza bila ridhaa yake iliyoandikwa. Maana yake, baba akikataa, kinu kingesogezwa kilometa moja mashariki, ng'ambo ya bonde, na kiwanda kingelaza bomba refu la mvuke kwa gharama yake. Kiwanda hakikulipenda jambo hilo hata kidogo. Na baba alikuwa amesema atakataa, basi ningeweza kulala usingizi.

Lakini huku kwetu dole gumba limeuza ardhi nyingi kuliko madalali. Ajuza analetewa karatasi anaambiwa ni ya unga wa msaada, anachovya kidole kwenye wino, na keshoye anaambiwa shamba si lake tena. Baba hajui kuandika. Nikamwona akilini mwangu ameketi peke yake, mtu wa kiwanda yuko mbele yake na kibweta cha wino, nikaogopa. Ndipo nikalifuta neno "iliyoandikwa". Kidole kinaghushiwa, nilijiambia, lakini neno la Mutlak mbele ya watu halighushiwi na mtu. Na aseme "ndiyo" kwa kiwanda kilichomuua mwanawe? Labda jua litoke magharibi, upande wa Misri. Amman wakakipitisha kifungu hivyo hivyo.

Nawaf aligongwa na lori la kiwanda miaka mitatu kabla ya hayo, akivusha kondoo barabara. Dereva alikuwa kijana wa ukoo wa jirani, amesinzia kwenye usukani. Tulimzika kaka yangu mteremkoni nyuma ya nyumba, kando ya mama. Ukoo wa dereva uliomba muda kama desturi inavyotaka, baba akawapa. Tangu hapo hawakukanyaga bonde letu, wakingoja siku ya kuja kuomba msamaha, na kijana mwenyewe alikimbilia mji wa Aqaba kwa kuogopa kisasi cha binamu zangu, hata mama yake hakuweza kumwona.

Kulikuwa na matanga ya mzee mmoja, wakati wa baridi, na mtu akamuuliza baba atawapokeaje wale watu watakapokuja. Baba alijibu mbele ya hema zima.

"Wakija na wazee wao, sitawaacha wafungue kinywa. Nitawasamehe kabla hawajalitaja jina la mwanangu. Siwezi kulisikia jina la Nawaf likizungushwa na watu arobaini kama sahani."

Watu waliinamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa Ghalib Basha, ofisa mstaafu wa jeshi aliyeitwa Basha kwa heshima ya cheo chake, ambaye siku hizo alikuwa ameajiriwa na kiwanda kuongea na wenyeji. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye kukumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Sikumtilia maanani siku ile, na hilo nalijutia mpaka leo.

Walikuja Ijumaa moja ya mwezi wa nne, baada ya sala ya alasiri, magari kumi na saba. Mimi nilikuwa nimekuja kumtembelea baba, nikakaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, pamoja na shangazi yangu Wadha.

"Hebu hesabu," shangazi alininong'oneza. "Magari kumi na saba, na hakuna aliyeleta hata kondoo mmoja. Siku hizi watu wanakuja kuomba jambo mikono mitupu, kama wanaenda hospitali kumwona mgonjwa wasiyempenda."

"Shangazi, watakusikia."

"Na wasikie! Masikio wamepewa ya nini, ya kuning'inizia miwani?"

Kisha akanikamata mkono. Mlangoni alikuwa ameingia Ghalib Basha, amevaa joho lenye ukingo wa dhahabu, na upande wake wa kulia alikuwa Haji Uwaidi, ami yake yule dereva. Alitembea kichwa kimeinama, hata viatu alivivua kwa shida. Waliosalia walikuwa wazee wa koo tano au sita, watu ambao huwezi kuwafungia mlango.

"Wamekuja kwa ajili ya Nawaf," shangazi alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Nami nililia. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi kwamba mzee wangu atapumzika.

Baba alimimina kahawa mwenyewe, kwa kuwa hakubakiwa na mtoto wa kiume wa kumimina. Mkono mmoja ulishika mdila, birika lake la kahawa, mwingine ulishika finjani. Alimpa Ghalib Basha wa kwanza. Basha aliipokea finjani akaiweka chini juu ya zulia bila kuitia mdomoni. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua maana yake: mgeni ana ombi, hatakunywa mpaka ajibiwe, na hakuna mwenziwe atakayekunywa kabla yake. Kahawa ya mtu ikipoa zuliani mwake bila kunywewa, hiyo ni aibu itakayosimuliwa kwa wajukuu.

Ghalib Basha akakohoa. "Abu Nawaf, Mungu akuweke. Tumekuja kwako na haja kubwa, na hawa uwaonao ni nyuso za..."

Baba akainua mkono. "Usiitaje, Basha."

"Mzee wangu, hata hujaisikia."

"Nimeisikia miaka mitatu, usiku na mchana. Usiitaje, nakuomba." Akaashiria finjani. "Kunyweni kahawa yenu. Mlilolijia mmelipata, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya nyuso hizi."

Ghalib Basha akainama, akachukua finjani, akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Alikunywa haraka mno. Nililiona hilo kupitia tundu la pazia na sikulielewa. Wengine wakamiminiwa, wakanywa. Haji Uwaidi alinyanyuka akaja kumbusu baba kichwani huku akilia kwa sauti, na baba akampigapiga mgongo kama mtu anavyombembeleza mtoto.

Finjani zilipokwisha kurudi, Basha akasimama.

"Mungu akuongezee heshima, Abu Nawaf. Tulikuja kuiomba nyumba hii na ardhi yake, kwa ajili ya kinu na kwa manufaa ya nchi, nawe umetupa mbele ya mashahidi arobaini na watatu. Fidia yako italipwa kamili na zaidi. Kifungu cha kumi na nne kimetimia."

Nakumbuka alivyoitaja namba. Mtu aliyekuja kuombea damu hatembei na namba ya kifungu mdomoni.

Haji Uwaidi alikuwa bado ameshika bega la baba, na uso wake ulikuwa umekauka. Baba alitazama zulia pale finjani ilipokuwa.

"Mmeshakunywa?" aliuliza.

"Tumeshakunywa, mzee wangu."

"Basi imekwisha."

Shangazi alitaka kutoka nyuma ya pazia na kiatu mkononi. Nilimshika kiunoni kwa nguvu zangu zote. "Niache nimvunje pua!" alikuwa akisema kwa meno yaliyofungana. "Nguruwe mwenye joho! Niache, Ruwaida!" Wageni walitoka mmoja mmoja bila kutazamana, na magari yakaondoka polepole kama yanatoka mazikoni.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu, nilimkuta Haji Uwaidi amekaa kwenye ngazi za ofisi yetu kabla mlango haujafunguliwa.

"Binti yangu, niliambiwa tunakwenda kwa ajili ya damu," alisema. "Basha alinijia mwenyewe, akaniambia nyoa ndevu, vaa vizuri, leo mwanenu atarudi nyumbani. Aniue Mungu kama nilijua lingine. Andika. Nitakwenda mbele ya hakimu yeyote niape."

Niliandika kila neno, naye akatia sahihi. Kisha nikaipeleka karatasi kwa mkuu wangu wa idara, Injinia Shakir, mtu mnene mwenye huzuni ya kudumu, ambaye tangu mwanzo nilimwambia nyumba ile ni ya baba yangu, apewe mwingine faili lile. Siku ile alicheka akasema huku kusini nani si jamaa ya nani. Safari hii hakucheka.

"Hii inatosha," alisema. "Ridhaa ya hila si ridhaa. Mzee mwenyewe aje aseme hakujua alichokuwa akikikubali, nami nalifuta jambo hili kesho asubuhi. Lakini lazima aseme yeye. Kifungu ni chako, Bi Ruwaida. Iliyotamkwa naye."

"Najua ni changu."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema, kisha akaona uso wangu, akanisogezea boksi la tishu.

Niliendesha gari mpaka Rujm Sulayh bila kukumbuka kuzima taa nilizowasha alfajiri. Baba alikuwa uwanjani anawamwagia kuku ngano. Nilimsomea maneno ya Haji Uwaidi, nikamweleza kwamba kilichobaki ni sentensi moja tu: sikujua. Akiisema mbele ya Injinia Shakir, nyumba ni yake, kinu kitavuka bonde.

"Nani alinizuia kujua?" aliuliza.

"Walikudanganya, baba."

"Walinikata ulimi? Yule mtu alitaka kuitaja haja yake, mimi nikamziba mdomo. Mara mbili. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, ulisikia."

"Alijua utamziba. Alikusikia matangani. Alimleta Haji Uwaidi makusudi umtazame yeye."

"Ni mbwa, kweli." Akatikisa bakuli, ngano ya mwisho ikaanguka. "Lakini neno nililitoa mimi, si mbwa."

Nilikasirika. Sijawahi kumpandishia baba sauti, lakini siku ile nilimpandishia. Nilimwambia heshima haimpi mtu pa kulala, haipiki, haimwagilii mzeituni. Nilimwambia atauacha mlango uliopakwa rangi na mama kwa sababu ya funda moja la kahawa. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Sikiliza, Bi Injinia," alisema. Huniita hivyo anaponitania, ila hapo hakuwa na utani. "Nilisema mlilolijia mmelipata. Moyoni mwangu nilikuwa natoa kitu gani?"

Niliikunja karatasi ya Haji Uwaidi.

"Nilimtoa yule kijana. Nilimsamehe. Uwaidi alinibusu kichwa, watu waliona. Jana nimempelekea habari amwite kijana arudi kutoka Aqaba, mama yake amwone. Sasa niende mjini niseme lile neno la Ijumaa halikuwa neno? Nitarudisha nusu niache nusu? Binamu zako wanangoja hilo hilo. Kesho watasema Abu Nawaf amelifuta, damu bado mbichi, na kijana yuko barabarani anarudi kwao."

"Waite. Uwaambie msamaha umebaki, nyumba tu ndiyo..."

"Neno lilikuwa moja, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Alikwenda kunawa mikono, na mimi nikabaki na kuku. Nilijua binamu zangu, na nilijua anasema kweli kuhusu wao. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuwa na pa kumshika. Karatasi ya Haji Uwaidi bado ninayo. Wiki ya pili niliweka sahihi yangu kwenye hati ya kuthibitisha kwamba ridhaa imepatikana kwa mujibu wa kanuni.

Dereva alirudi. Nilimwona sokoni akiwa na mama yake, amembebea mfuko wa vitunguu. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, nikageuza njia.

Baba tulimhamishia ghorofa ya tatu mjini, nyumba yenye sakafu ya marumaru na jirani wanaopika samaki kila siku. Shangazi Wadha alikuja kukaa naye. Kuku aliwagawa. Mdila aliuweka juu ya friji, nao ukakaa huko, kwa sababu hakukaribisha mtu tena. Watu walibisha hodi mwanzoni, akamwambia shangazi aseme amelala.

"Saa nne asubuhi amelala?" shangazi alimfokea. "Watasema umekufa."

"Hawatakosea sana."

Kinu kilijengwa upesi kuliko nilivyotarajia. Ni jengo la kijivu, fupi, halina moshi wala kelele, na ukilitazama kutoka barabarani utadhani ni ghala la saruji. Walilizungushia uzio mita mia sita kila upande. Nyumba yetu waliibomoa kwa asubuhi moja. Makaburi hawakuyagusa, maana kifungu cha kumi na tisa kinasema makaburi yaliyomo ndani ya duara la kwanza yabaki kama yalivyo, jamaa wayazuru mara mbili kwa mwaka wakisindikizwa, na asizikwe humo mtu mwingine. Kifungu hicho kilitoka Amman na mimi nilikipitisha bila kukigusa hata nukta. Nilikuwa nawafikiria walio hai.

Nilikwenda na baba makaburini mara ya kwanza uzio ulipokwisha, mwezi wa kumi. Mlinzi alikuwa mpole, lakini kanuni ni kanuni, ikabidi baba avalishwe kofia ngumu ya njano juu ya kilemba na kitambulisho cha mgeni kifuani. Mgeni! Alipewa dakika ishirini. Alisimama kati ya mama na Nawaf, akasoma Fatiha, kisha akapima kwa macho nafasi iliyobaki kandokando yao. Nilimwona akipima. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na tangu siku hiyo kikohozi kilianza kumshika, daktari akasema ni mapafu, na ni uzee, na nisitegemee miaka mingi.

Ijumaa moja baada ya sala ya adhuhuri nilifika nikakuta nyumba nzima inanukia iliki. Mdila ulikuwa umeshuka kutoka juu ya friji. Baba alikuwa ameketi sebuleni juu ya zulia la zamani, amevaa joho lake la sikukuu, mabega yamebaki mifupa.

"Nani anakuja?" nilimuuliza shangazi jikoni, nikafurahi.

"Hakuna anayekuja. Kaniambia nipike kahawa, nikapika. Nenda ukammiminie, usinisimamie hapa."

Nilikwenda nikammiminia, kidogo kama inavyopaswa, nikampa kwa mkono wa kulia. Aliipokea finjani. Kisha akaiweka chini kwenye zulia, mbele ya magoti yangu, akakunja mikono.

Nikaweka mdila chini, nikakaa.

"Baba, mimi si mzee wa ukoo," nilisema.

Alinitazama tu, na mvuke wa kahawa ulikuwa unapungua.

Nilikuwa na haki ya kuuliza. Kama yupo mtu mmoja duniani aliyefundishwa kuuliza kwanza ni ombi gani, ni mimi. Nilijua kifungu cha kumi na tisa neno kwa neno. Nilijua pia ni ofisi gani itakayokataa kibali, na dawati lenyewe, na sahihi ya nani huwa chini ya barua za kukataa. Finjani ilikuwa inapoa zuliani.

"Kunywa kahawa yako, baba," nilisema. "Ulilolijia umelipata."

Alifumba macho akashusha pumzi. Akaiinua finjani kwa mikono miwili, akanywa yote.

"Unizike kule kwa mama yako na Nawaf," alisema.

Nilipogeuka, shangazi Wadha alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Nimesikia," aliniambia. "Mimi ni shahidi."